Harusi Agosti: baba anataka chungu cha malwa, baba mkwe hataki kuona hata chupa moja

Binti wa Kambini, Tororo

Hamjambo wote. Naomba ushauri wa waliokwisha kupita hapa, maana mimi nimechoka na kamati imechoka na mimi.

Tunafunga ndoa Jumamosi ya pili ya Agosti, hapa hapa Tororo. Mimi ni Mkatoliki, mchumba wangu ni wa Kanisa la Uganda, yaani Anglikana, kwao Kabale. Kanisani hakuna neno. Paroko ametuandikia, ruhusa ya askofu ya ndoa ya mseto imetoka, na mchungaji wa kwao atakuja kusoma somo. Vita viko kwenye tafrija.

Baba yangu ni mwanajeshi mstaafu, Mteso. Tumekulia kambini, ndiyo maana hadi leo nyumbani tunagombana kwa Kiswahili. Kwa baba, harusi isiyo na malwa, ile pombe yetu ya ulezi, ni mkutano wa hadhara. Si kwamba anataka watu walewe. Anataka chungu kikae chini ya mwembe, wazee wakizunguke, kila mmoja na mrija wake, maji ya moto yawe yanamiminwa taratibu, na hapo ndipo watakapoongea habari za mtoto anayeondoka. Anasema huwezi kumwambia mzee aliyepanda basi kutoka mji wa Kumi akae mbele ya soda kama mtoto wa shule.

Baba mkwe naye ni mlokole, wale wa zamani hasa. Wazazi wake waliokoka katika ule uamsho uliotoka Gahini, Rwanda, ukaingia Kigezi, huko kwao Kabale, miaka ya 1930. Alinisimulia jinsi baba yake alivyomwaga mitungi ya omuramba, ile pombe yao ya mtama, mbele ya majirani, kisha akaenda kuungama kanisani. Alinisimulia kwa upole kabisa, kikombe cha chai amekishika kwa mikono miwili. Alipomaliza akasema, "Binti yangu, siku ile chupa moja ikionekana, nitasimama, nitawaombea, nitaondoka." Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

Nimeona pande zote mbili zikiharibika. Harusi ya dada yangu ilikuwa na bia za kumwaga. Baba mdogo alimnyang'anya MC kipaza sauti akaanza kumdai bwana harusi mbuzi wawili ambao, kwa kweli, walishalipwa. Video ipo, na kila Krismasi kuna mtu anaiwasha. Halafu nikaenda harusi ya rafiki yangu Kampala, ya soda tupu. Kufika saa kumi na moja jioni, ukumbini wamebaki akina mama na watoto. Wanaume wote wako kwenye maegesho, wamesimama nyuma ya gari moja, buti limefunguliwa. Keki ilikatwa bila mjomba hata mmoja.

Kamati imeleta mapendekezo matatu. La kwanza, soda tu. La pili, bia ziwekwe meza za nyuma. La tatu, twende hotelini, anayetaka kunywa ajinunulie kaunta, sisi tujifanye hatukuona. Hilo la tatu linanikera kuliko yote. Kama ni kosa, ni kosa hata akilipa mwenyewe.

Ila kinachoniuma hasa ni kingine. Kwenye kikao cha mwezi uliopita mtu wa upande wa pili alisema, "Hao wa kwenu tunawajua, wanakunywa sana." Baba alikuwa mlangoni, anavua viatu. Tangu siku hiyo hajataja tena habari ya kinywaji. Jumapili iliyopita nilimkuta ameutoa mrija wake kwenye bomba lake la mwanzi, anaupitishia maji ya moto, anakisugua kile kichujio cha mwisho kwa kidole gumba. Alipomaliza akaurudisha, akautundika kwenye msumari ule ule anaotundika rozari. Hakusema kitu.

Sasa niambieni ninyi mliooana kwa kuvuka madhehebu: mlifanyaje? Na mwanamke anayeolewa ana sauti gani hapo?

MC wa Mbale

Hongera sana dada. Nimeshika kipaza sauti miaka kumi na mmoja, nimefanyia kazi Wakatoliki, walokole, Wasabato, hata Waislamu. Nikuambie mambo mawili tu.

Meza za nyuma usikubali. Bia ina miguu. Saa nane iko meza ya nyuma, saa tisa iko katikati, saa kumi iko mbele ya shangazi wa bwana harusi na hakuna anayejua imefikaje. Mkwe wako atasimama, atawaombea, ataondoka, na mimi ndiye nitakayeachiwa ukimya huo niujaze.

Pili, ukiamua ni tafrija kavu, iwe kavu kweli. Zamani tulikuwa tunaangalia mifuko ya koti, kwa sababu ya vile vifuko vidogo vya waragi, pombe kali. Vilipopigwa marufuku 2019, watu wakahamia chupa ya soda. Mimi nawajua. Mtu anayekunywa soda ya kawaida haifungi kizibo kila baada ya funda moja. Na soda haimfanyi mtu akunje uso.

La nyongeza: watu hukimbilia buti la gari wakiwa na njaa na hotuba haziishi. Chakula kitoke saa nane na nusu, hotuba zisizidi tano, saa kumi na mbili watu waende kwao. Harusi ya rafiki yako Kampala haikuuawa na soda, iliuawa na ratiba.

Katekista Mstaafu

Binti yangu, nimefundisha wachumba miaka mingi, na jambo hili halikosi kila mwaka. Kwa sensa ya 2014, katika kila Waganda mia kuna Wakatoliki kama 39 na wa Kanisa la Uganda 32. Kwa hiyo ndoa kama yenu ziko kila Jumamosi, usijione peke yako.

Najua kuna atakayekuletea harusi ya Kana, Yohana sura ya 2. Mabalasi sita ya mawe, kila moja nzio mbili au tatu, kipimo cha kale. Ukipiga hesabu kwa lita unapata kati ya mia tano na mia saba hivi, na hiyo ni baada ya wageni kuimaliza ile ya kwanza! Sisi Wakatoliki tunaipenda sana sura hiyo. Lakini usimpelekee mkwe wako. Atakufungulia Warumi 14:21, kutokunywa divai ikiwa inamkwaza ndugu yako, na hapo hutakuwa na jibu, maana anayekwazwa ni yeye na yuko mbele yako.

Elewa tofauti ilipo. Kwetu, dhambi ni ulevi. Pombe yenyewe ni kitu tu, kama moto. Kwa mlokole wa Kigezi, kuacha pombe ndio ushuhuda wake, ndipo maisha ya nyumba yao yalipogeuka. Ukimwambia "kidogo tu, mzee", umemwambia baba yake alimwaga mitungi ile bure.

Na baba yako usimwingize katika mabishano ya Maandiko. Yeye hajasema neno hata moja la dini. Amesema chungu na wazee. Hicho ni kikao, na kikao kina siku yake na uwanja wake.

Msabato wa Kasese

Sisi mbona tunaoana na hakuna anayekufa? Wengi wetu hata kahawa hatugusi. Kwenye Meza ya Bwana tunatumia juisi ya zabibu isiyochachuka. Juisi hiyo ilianzishwa na daktari wa meno Mmarekani, Mmethodisti, Thomas Welch, mwaka 1869, kwa ajili ya kanisa lake, kwa hiyo msituone wa ajabu peke yetu. Harusi yangu ilikuwa Jumapili, maana Jumamosi ni Sabato, na wajomba wa mume wangu Wakatoliki walikaa mpaka mwisho.

Siri ilikuwa bushera, kinywaji cha nafaka kilicho kama uji. Mama mkwe wangu ni wa kule Kabale na alipika mapipa mawili. Ile ya ulezi, nzito, baridi, imemiminwa kwenye vibuyu, si vikombe vya plastiki. Mzee akishika kibuyu hajioni kama amepewa soda ya mtoto. Mjaribu.

MC wa Mbale

Nawe mama, umwambie na mwisho wa hadithi. Bushera ya siku moja ni uji. Bushera ya siku tano ni mkutano mwingine kabisa.

Msabato wa Kasese

Ndiyo maana nikasema mama mkwe alipika. Anayepika lazima awe mtu wa kuaminika na siku zihesabiwe.

Jirani wa Namungoona

Mimi ni Mwothodoksi, na kwetu divai haingoji tafrija. Tukishavishwa mataji, padre anatupa kikombe kimoja, bwana na bibi wanaonja mara tatu kwa zamu, mbele ya watu wote. Ni sehemu ya ibada, huwezi kuitoa. Mke wangu ametoka kwa walokole. Wiki moja kabla nilikwenda mwenyewe kwa mama yake, nikamweleza kikombe ni cha nini, kwamba ni maisha mnayoyanywa pamoja, machungu na matamu. Alisikiliza. Siku yenyewe alifumba macho tulipokuwa tunaonja, kisha akayafumbua. Ilitosha.

Tafrijani hatukuwa na bia. Msifikiri ni dini, hela ziliisha kwenye hema.

Kijana wa Jinja

Lipieni harusi yenu wenyewe muone kama kuna mzee atakayewapangia.

Binti wa Kambini, Tororo

Kijana, unaongea kama mtu asiye na shangazi.

Wengine wote asanteni. Nimeyasoma yote kwa mchumba wangu kwenye simu, akacheka sana habari ya kizibo, kisha akanyamaza muda mrefu nilipofika kwa katekista. Nitarudi kuwaambia.

Binti wa Kambini, Tororo
*wiki mbili baadaye*

Nimerudi. Si kila kitu kimekaa sawa, ila kuna njia.

Niliacha kuiuliza kamati, nikamuuliza baba. Nilimwambia, afande (tukiwa tunazungumza jambo zito namwita hivyo, ndivyo tulivyozoea), wazee wako unataka wakae siku gani? Akaniangalia. Akasema hajawahi kudai Jumamosi. Jumamosi ni ya padre na wapiga picha. Wazee wanaanza kufika Alhamisi, na Alhamisi hakuna aliyewapangia kitu, hata pa kukaa. Miezi mitatu tumegombania siku ambayo mwenyewe hakuitaka!

Kwa hiyo chungu ni Alhamisi jioni, nyumbani kwetu, chini ya mwembe. Jumamosi ukumbini ni soda, maji na bushera, na hakuna kaunta. Tumeiandika kwenye kadi waziwazi ili mtu asije na matumaini.

Ilibaki yale maneno ya kikao, hayo hayafutwi na ratiba. Nilimweleza mchumba wangu baba alikuwa mlangoni siku ile. Hakujua. Alikwenda Kabale wikendi hiyo hiyo, na Jumatatu usiku simu ya baba ikalia. Baba mkwe aliwahi kuendesha malori ya Mombasa, Kiswahili anacho, tena cha barabarani. Walizungumza dakika arobaini. Nilisikia upande mmoja tu. "Ndiyo mzee." "Hapana, hayo yamekwisha." Kisha kicheko kirefu kuhusu mizani ya Malaba, sijui kilihusu nini.

Baba mkwe atakuja Alhamisi. Amesema atasalimia wazee, ataketi nao, ataomba mwanzoni kabla mtu hajashika mrija, na chai yake atakuja na majani yake mwenyewe, anahitaji maji ya moto tu. Baba akamjibu maji ya moto ndiyo kitu pekee kisichokosekana penye malwa.

Shangazi wa Kabale bado amenuna, anasema kukaa karibu na chungu ni sawa na kunywa. Sina la kumfanyia. Baba mdogo naye ananuna kwa sababu Jumamosi hatapewa kipaza sauti, na huyo nimemwacha anune.

MC, nitumie bei yako. Wageni ni kama 350, na ninakutaka uniambie kwa idadi hiyo bushera iwe mapipa mangapi, kwa sababu mama mkwe anasema matatu na mchumba wangu anasema mama yake hupunguza. Kwetu unga wa malwa umeshachachuka, jana umekaangwa, leo uko juani kwenye mikeka pamoja na kimea. Nimewekwa kuufukuzia kuku, ndiyo maana nimepata nafasi ya kuandika.