Ulinganisho: nyumbani, meza ya kukodi au maktaba kwa mwandishi wa programu jijini Nairobi

Mpangaji wa Roysambu
Hamjambo wanajukwaa. Ninaandika programu kwa mwajiri aliye ng'ambo, nami naishi katika chumba kimoja Roysambu, kando ya barabara kuu ya Thika. Nina akiba ya shilingi 60,000 na ninapima njia tatu: kununua betri, inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani) na kiti ili nibaki nyumbani, kulipia meza katika ofisi ya pamoja upande wa Kilimani, au kwenda maktaba kila asubuhi na kununua kiwambo cha pili. Ninachohitaji hasa ni saa tatu au nne za utulivu mfululizo, kwa maana hitilafu ngumu haitafutwi kwa vipande vya dakika kumi kumi.

Kibodi Kimya
Anza na stima, ndugu, kiti kitafuata. Stima ikipotea, kipakatalishi huendelea kwa betri yake, ila ruta huzimika papo hapo na kukukata na seva unayofanyia majaribio. Ruta nyingi za nyumbani hutumia volti 12 na wati chache tu, kwa hiyo kibetri kidogo kinaweza kukuvusha. Hata hivyo, kabla hujanunua, muulize msimamizi wa ploti kifaa cha faiba kilichofungwa kwenye ngazi kinapata wapi umeme, kwa sababu kikizimika hicho, ruta yako itawaka bure.

Ukitaka betri kubwa, piga hesabu kwa uangalifu. Betri ya risasi ya volti 12 na ampea-saa 100 hubeba wati-saa 1,200, lakini ukizoea kuimaliza zaidi ya nusu itakufa mapema, hivyo hesabu 600 pekee. Kipakatalishi, kiwambo na ruta vikila wati 90 kwa pamoja, na ukitoa kile kinachopotea ndani ya inveta, unabaki na saa tano na ushee. Betri ya lithiamu huvumilia kutumiwa hadi asilimia 80 au zaidi, ingawa bei yake itakutoa jasho.

Binti wa Ngong Road
Mimi nimo katika ofisi ya pamoja na sijutii, lakini sababu zimebadilika. iHub, kituo cha pamoja cha wanateknolojia, ilipofunguliwa mwaka 2010 hapa Ngong Road, kebo za intaneti za baharini zilikuwa zimefika Mombasa mwaka mmoja tu uliotangulia, na wengi wetu tulifuata intaneti ambayo nyumbani hatukuwa nayo. Siku hizi faiba imefika hadi mlangoni, kwa hiyo unacholipia ni jenereta, chumba cha mikutano na watu wa kuuliza unapokwama. Watu hao hao ndio watakaokugonga bega ukiwa umeshika uzi wa fikra. Isitoshe, kutoka Roysambu utapanda matatu hadi mjini kisha nyingine hadi Kilimani, na mvua ikinyesha jioni utaijua Nairobi.

Mwanafunzi wa Jioni
Maktaba ina utulivu, hasa asubuhi, ila huwezi kuzungumza na mwajiri kwa simu, soketi hugombaniwa, na kiwambo cha pili utakibeba vipi kila siku?

Mama Pacha
Ndugu Kibodi, kiti hakiwezi kungoja, maana mgongo ukiuma hata saa mbili za utulivu hazitumiki. Tatizo la kipakatalishi ni kwamba kiwambo na kibodi vimeshikana: ukikiweka mezani shingo huinama, na ukikiinua mikono huning'inia. Kiinue kwa vitabu vinene mpaka ukingo wa juu wa kiwambo ulingane na macho, kisha chomeka kibodi ya pembeni, viwiko vikae karibu nyuzi 90. Meza isielekee dirishani wala isilipe dirisha mgongo; mwanga uingie kwa ubavu, hasa kama dirisha lako linatazama magharibi, ambako jua la alasiri hufuta maandishi yote kwenye kiwambo.

Kuhusu kelele, vipokea sauti vinavyozima makelele hufanya kazi nzuri kwa mngurumo wa malori ya Thika Road, lakini havizimi sauti za watu wanaozungumza. Nina pacha wa miaka minne, kwa hiyo hilo nalijua vizuri.

Mpangaji wa Roysambu
Nashukuru. Nimemuuliza msimamizi: kifaa cha faiba kiko kwenye mita ya umeme ya ngazi, kwa hiyo hukatika pamoja nasi. Je, data ya simu inatosha kuwa akiba?

Kibodi Kimya
Mara nyingi inatosha, ila Mei 2024 kebo za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika, faiba na data ya simu zilizorota kwa pamoja. Pakua mapema maktaba za msimbo, yaani vipande vya programu vilivyoandikwa tayari na wengine, pamoja na maelezo yake, endesha hifadhidata kwenye mashine yako, na kumbuka kwamba Git, programu ya kutunza matoleo ya msimbo, hukuruhusu kuhifadhi kila hatua bila mtandao, kisha ukatuma zote ukirudi hewani.

Mpangaji wa Roysambu
Basi nitabaki nyumbani: betri ya wastani, kibodi ya pembeni na bando la simu. Siku za mikutano mirefu nitalipia meza kwa siku moja moja. Mama Pacha, kiti cha ofisi cha mitumba nikikague wapi kwanza kabla ya kutoa pesa?

Mama Pacha
Silinda ya kuinulia. Kaa kwa dakika kumi nzima mbele ya muuzaji. Kikishuka chenyewe, mrudishie.