Forodhani tumetozwa bei ya kishada cha kanzu

Assalamu alaikum wanajamvi. Nimekaa siku mbili nikisubiri hasira inipungue ndipo niandike, na haijapungua.

Ijumaa baada ya sala ya Isha nilimchukua shemeji yangu, aliyekuja kututembelea kutoka Maskati, tukashuka Forodhani, ile bustani ya Mji Mkongwe, Unguja, inayouza vyakula usiku. Alizaliwa huko huko Omani, lakini Kiswahili chake ni cha mama yake wa Wete, na tangu atue uwanja wa ndege wimbo wake ulikuwa pweza tu. Tulisimama kwenye meza iliyosheheni mishikaki ya kamba, samaki na pweza. Muuzaji akatukaribisha kwa bashasha, akachagua vipande yeye mwenyewe na kuvitupa motoni. Nilimuuliza bei mara mbili, na mara zote mbili alinijibu, "Kuleni kwanza, ami, hatutogombana."

Tulipomaliza, alibonyeza hesabu kwenye simu yake, akaigeuza upande wetu: shilingi 48,000. Kijana aliyekula ubavuni petu sahani kama yetu, tena na muhogo juu yake, alikuwa ametoka kulipa 14,000 mbele ya macho yetu. Nilipohoji, muuzaji alimnyooshea kidole shemeji, kwenye kile kishada kinachoning'inia shingoni mwa kanzu za Kiomani, akasema kwamba mgeni wangu ana uwezo. Mtu mzima nililipa huku natetemeka, kwa kuwa sikutaka kumuaibisha mgeni mbele ya kadamnasi.

Na laiti chakula kingekuwa chakula! Pweza alikuwa amekauka kingoni mithili ya ngozi ya kiatu, na nyama ya kamba imesinyaa ikaachana na magamba yake, hali ambayo kila aliyekulia pwani anajua kuwa ni ya kitu kilichopashwa moto zaidi ya mara moja.

Mwaka 2019 nilijaaliwa kufika Marrakech, nchini Moroko, nikala usiku katika uwanja wa Jemaa el-Fna. Wale nao si malaika: watakuletea mkate na zeituni ambazo hukuziagiza, kisha uzikute kwenye hesabu. Hata hivyo mabanda yao yana namba kubwa zilizotundikwa juu, kiasi kwamba ukidhulumiwa unajua umedhulumiwa na namba ngapi, na unaweza kumwonya mwenzako. Meza yetu ya Ijumaa haikuwa na namba, jina wala bei. Bustani ile ilifanyiwa ukarabati mkubwa na kufunguliwa upya mwaka 2009 kwa msaada wa Aga Khan Trust for Culture. Sasa kipande cha ubao na chaki navyo vinasubiri mfadhili?

Kwa kuwa najua baadhi ya wauzaji wa pale wanapita humu, ninaomba mmoja wao anijibu bila matusi: pweza yule alichomwa kwa mara ya kwanza siku gani?