Wakuu hii leza baridi ya mgongo inasaidia kweli au naliwa hela?

Kiuno_Chuma
Habari za muda huu wakuu. Naomba ushauri, utani wekeni pembeni kidogo. Mimi mwanaume miaka 61, nasumbuliwa na mgongo hapa chini usawa wa mkanda, mwezi wa nne huu. Nimemeza dawa za maumivu mpaka tumbo likaanza kulalamika, nimechuliwa, nimebadilisha godoro, wapi. Sasa kuna kliniki nimeelekezwa wanatumia leza baridi. Unalala kifudifudi, jamaa anakubandika kidude kama kurunzi ndogo kwenye mgongo, hakichomi, hakina joto, hata mwanga hauonekani, kinalia pii tu halafu anahamia sehemu nyingine. Wanasema inaingia mpaka kwenye seli inaziamsha. Swali langu ni moja, inafanya kazi au haifanyi, na mtu aende mara ngapi ndo aone nafuu. Waliowahi kutumia ndio wajibu tafadhali. Nawasilisha.

Chumvi_Kidogo
Shikamoo mzee. Miaka 61 halafu mgongo usawa wa mkanda... punguza mwendo wa usiku tu, leza ya nini hahaha

Mama_Mapacha
Mimi nimetumia ila ya shingo. Shingo ilikaza nikawa nikiitwa nageuka mwili mzima kama kabati, na mume wangu badala ya kunihurumia akawa ananiita makusudi niko jikoni ili anione navyogeuka, nikamnunia wiki mbili, tukaja kusuluhishwa na wifi yangu ambaye naye siku hizi hatuongei lakini hiyo ni habari nyingine. Nilienda mara tatu kwa wiki, jumla kumi. Za mwanzo sikuona kitu, kama ya nne hivi nikaanza kugeuza shingo. Sijui ni leza au ni yale mazoezi waliyonipa maana nilifanya vyote.

Kiuno_Chuma
Asante dada, umenipa moyo sana. Kumi basi hata hizi zangu 12 sio nyingi.

Mama_Mapacha
Zako 12? Si unauliza kama uende?

Upara_Sio_Kesi
Samahani natoka nje ya mada, nasikia hiyo leza inaotesha nywele, kuna ukweli?

Fizio_wa_Zamu
@Upara cha kuchekesha ni kwamba hii tiba ilianzia hukohuko kwenye nywele. Mwaka 1967 daktari mmoja kule Budapest, Endre Mester, alinyoa panya mgongoni akawamulika kwa leza hafifu, waliomulikwa wakaota manyoya haraka kuliko wenzao. Ila usikimbilie kununua, wewe sio panya.

Turudi kwa mzee. Inaitwa baridi kwa sababu nguvu yake ni ndogo, haipashi moto wala haikati kama ya upasuaji. Nyingi ziko chini ya miliwati 500, zikizidi hapo ni daraja la 4, hiyo utasikia joto na mkono wa anayeishika usitulie sehemu moja. Urefu wa wimbi la mwanga wake ni nanomita kama 600 mpaka 1000, unapenya ngozi, na maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba mitokondria, yaani vile vinu vya nishati ndani ya seli, zinaunyonya halafu seli inatengeneza nishati zaidi na uvimbe unapungua. Dozi ndio kila kitu. Ikiwa ndogo hupati kitu, ikizidi pia hupati kitu, kwahiyo anayekwambia "nimekuongezea dakika za bure" hajakupa zawadi.

Inafanya kazi? Inategemea wapi. Shingo ina ushahidi mzuri kiasi, mwaka 2009 jarida la Lancet lilichapisha uchambuzi wa majaribio 16 yenye wagonjwa 820, maumivu yalipungua na kwa wenye shingo sugu nafuu ilionekana mpaka wiki 22 baada ya tiba. Mgongo wa chini ni hadithi nyingine. Chama cha madaktari wa Marekani kinachoitwa American College of Physicians mwaka 2017 kiliitaja leza kati ya njia zisizo za dawa kwa mgongo sugu, ila wenyewe wakasema ushahidi wake ni hafifu. Kwahiyo ni kitu cha kuongezea kwenye mazoezi, sio cha kusimama peke yake. Na wakikwambia kifaa kina ruhusa ya FDA, ile mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, mara nyingi hiyo ni ruhusa ya kuuzwa kwa kuwa kinafanana na kingine kilichokuwepo sokoni, sio hati ya kuponya kila mgongo.

Sasa mzee naomba unijibu. Maumivu yanakuamsha usiku? Umepungua uzito? Umewahi kuugua saratani yoyote? Miguu ina ganzi au inaishiwa nguvu?

Kiuno_Chuma
Asante mtaalamu. Nina presha tu natumia kidonge kimoja. Usiku ndio yanakazana, ila godoro hili jipya nalo gumu mno. Miguu iko sawa. Hayo mengine hayahusiani na mgongo.

Jongoo_Mkavu
Mimi niliagiza ya kwangu mtandaoni kuepuka hao wa kliniki. Ilipofika ni kile kitaa chekundu wanachotumia walimu kuonyeshea ubaoni, wamekibandika karatasi yenye picha ya goti. Nimemulika goti miezi miwili, aliyefaidika ni paka anayekimbiza ile nukta.

Chumvi_Kidogo
@Jongoo paka goti lake lipo vizuri sasa hivi 😂😂

Fizio_wa_Zamu
Mzee, "hayo mengine" ni yapi?

Mama_Mapacha
Na hizo 12?

Kiuno_Chuma
Haya. 12 nimeshalipia, na nne nimeshafanya. Hela hairudi, waliniambia tangu mwanzo. Ndio maana nauliza inafanya kazi au la, sijauliza niende au nisiende.

Hilo lingine sikutaka kuliweka hapa. Nilitibiwa tezi dume kwa mionzi miaka mitatu iliyopita. SARATANI ndio, lakini niliambiwa imeisha, na ile ni mbele huku, mgongo ni nyuma. Sioni vinahusiana vipi.

Fizio_wa_Zamu
Mzee wangu naandika kwa heshima. Saratani ya tezi dume ikirudi, sehemu inayopenda kwenda ni mifupa, na kwenye mifupa inapenda uti wa mgongo na nyonga. Sisemi ndio hiyo, migongo mingi ni migongo tu. Lakini mtu aliyewahi kuugua saratani akija na maumivu mapya ya mgongo yanayokazana usiku, kwanza anapimwa. Na leza haimulikwi sehemu inayohisiwa kuwa na saratani, hilo ni katazo la kawaida kabisa kwenye kazi hii, kwa sababu kitu kinachoamsha seli hutaki kikaamshe zile. Kliniki hawakukuuliza? Na PSA, kile kipimo cha damu cha tezi dume, mara ya mwisho umepima lini?

Kiuno_Chuma
Waliuliza, kulikuwa na fomu. "Umewahi kuugua saratani", nikaweka tiki kwenye hapana. Sikudanganya, mimi nimepona. Aliyetibiwa malaria mwaka juzi anajaza kwamba ana malaria? PSA ya mwaka jana ilinipita, kulikuwa na mambo mengi.

Sauti_ya_Upole
Wanaume tunakufa kwa aibu jamani. Baba yangu mdogo alificha hivihivi. Tezi dume sio aibu, aibu ni kuacha wajane. Ndugu zangu tujitafakari.

Mpelelezi_Mstaafu
Nimesoma uzi wote kimyakimya, sasa niseme. ID imefunguliwa juzi. Huu ndio uzi wa kwanza. Kliniki haina jina. Leza HAINA MWANGA, tangu lini? Halafu kila tukikaribia kumaliza inaongezeka siri mpya kama tamthilia. Hii ni chai, tena imechemshwa mara mbili. Au ni tangazo, kesho atarudi "nimepona, njooni inbox".

Chumvi_Kidogo
Kama ni tangazo basi aliyelilipia adai hela yake, mi hiyo leza nimeanza kuiogopa

Upara_Sio_Kesi
Kweli lakini Mpelelezi, mtu gani analipia 12 halafu ndo anakuja kuuliza?

Mama_Mapacha
Watu wote. Mimi nilishalipia ukumbi ndo nikauliza kama huyu mwanaume ananifaa.

Fizio_wa_Zamu
@Mpelelezi hapo kwenye mwanga umekosea. Nyingi za mgongo ni za nanomita 800 na kitu, jicho halizioni. Ndio maana ni hatari kuliko nyekundu, kwa sababu jicho halishtuki likafumba, mwanga unaingia mpaka nyuma na wewe hujui. Ndio maana kila aliyepo chumbani anatakiwa miwani, tena ya kipimo cha leza hiyohiyo, sio ya jua. Mzee walikuvalisha?

Kiuno_Chuma
Ipo moja tu anavaa yeye, ya kijani, mkono mmoja umekatika kafunga na mpira wa kufungia noti. Mimi nilipewa taulo nifunike uso, ina harufu ya dawa ya kuchua. Bwana Mpelelezi unataka nikupigie picha ya taulo? ID nimefungua juzi kwa sababu ile ya zamani wanangu wanaijua. Sikutaka wasome hapa kabla sijawaambia, na sijawaambia.

Mpelelezi_Mstaafu
...Huo mpira wa noti hamna mtu anatunga. Nimeondoa maneno yangu mzee, samahani. Kapime.

Jongoo_Mkavu
Ila kwa taulo moja na miwani iliyofungwa mpira mimi ningeshaondoka kipindi cha kwanza

Fizio_wa_Zamu
Mzee fanya hivi, leza isimame kwanza. Mpigie daktari aliyekutibu mionzi, mwambie mgongo miezi minne, usiku unakazana, PSA umeruka. Atajua kama ni damu tu au na picha ya mifupa. Miguu ikianza ganzi au kulegea, au mkojo ukigoma, usisubiri miadi, unaenda dharura siku hiyohiyo hata usiku. Ikionekana ni mgongo wa kawaida tutarudi hapa kuongelea leza, mimi sina ugomvi nayo.

Kiuno_Chuma
Na nane zangu zilizobaki?

Mama_Mapacha
Baba jamani!

*(siku mbili baadaye)*

Kiuno_Chuma
Nimerudi wakuu. Daktari nimempigia, aliniweka kimya kidogo kwenye simu mpaka nikadhani imekata, halafu akasema Alhamisi saa 3 asubuhi nije na karatasi zangu zote. Mama watoto nimemwambia jana, kumbe alikuwa anajua PSA nimeiruka, anaandika kwenye kalenda ya nyuma ya mlango. Kliniki nayo nimewapigia, yule dada wa mapokezi akaniuliza kwanini nasimamisha.

Fizio_wa_Zamu
Safi sana mzee. Ukamwambia warekebishe na ile fomu?

Kiuno_Chuma
Nilimwambia nimesafiri.

Chumvi_Kidogo
Safari njema mzee