Ukoo Wetu: Nansio na Mwanza

*Baba Kulwa:* Shikamooni wakubwa. Doto amejifungua juzi, mtoto wa kike. Ila mdomo wa juu umepasuka hadi puani na kaakaa liko wazi. Akinyonya, maziwa yanatokea puani. Doto analia tu, na majirani wameanza kusema eti ni kwa sababu ya mwezi kupatwa.

*Mama Igoma:* Hongereni kwa mtoto jamani. Poleni pia 🙏🏾

*Shangazi Nesi:* Marahaba Baba Kulwa. Mpe Doto simu asome mwenyewe.

*Shangazi Nesi:* Mwanangu, hukukosea lolote. Mdomo wa mtoto huungana tumboni kabla mimba haijatimiza miezi miwili, kaakaa linafuata. Wengine muda huo hata hawajajua kama ni wajawazito. Hayo ya mwezi yaache yapite.

*Shangazi Nesi:* Kazi ya sasa ni kumshibisha. Hawezi kufyonza kwa sababu hewa inavujia kwenye uwazi. Kamua maziwa yako, mnyweshe kwa kikombe kidogo kilichochemshwa, umemkalisha wima, kidogo kidogo, na umcheulishe mara kwa mara. Usimnyweshe amelala chali, yatampalia! Apimwe uzito kila wiki.

*Kaka Igoma:* Upasuaji si mamilioni? Tuanze kuchanga?

*Shangazi Nesi:* Hospitali ya Bugando hapa Mwanza wanafanya, na shirika la Smile Train ndilo linalogharamia upasuaji. Sisi tuchange nauli na chakula. Mdomo hushonwa akifika kama miezi 3, awe na kilo 5 hivi na damu ya kutosha. Ndiyo maana nasisitiza uzito. Kaakaa ni baadaye, kati ya miezi 9 na 18, kabla maneno hayajakolea. Likicheleweshwa sauti inapitia puani. Na masikio yaangaliwe, watoto hawa maji hujikusanya nyuma ya ngoma ya sikio.

*Bibi Ilemela:* Namjua mmoja wa Kayenze alifichwa ndani mpaka akawa kijana. Iliniuma sana. Huyu wetu abebwe mpaka kanisani, watu wamwone.

*Mama Igoma:* Kabisa Bibi.

*Baba Kulwa:* Shangazi, ni mimi Doto. Kikombe amekunywa, puani yametoka kidogo tu. Kwa hiyo nije baada ya hiyo miezi 3?

*Shangazi Nesi:* Hapana mama, njoo wiki hii. Wamfungulie faili, wamsikilize na moyo, wakuelekeze kunyonyesha.

*Kaka Igoma:* Pandeni meli ya asubuhi. Nitakuwa bandarini.