Gari lililotunzwa vyema lapaswa kupigwa polishi?

Mkaazi wa Nyali: Ndugu zangu, gari langu jeusi huegeshwa kivulini na huoshwa kila wiki, ila juani naona mikwaruzo myembamba ya mviringo. Je, nilipige polishi?

Fundi wa Changamwe: Usiharakishe, ndugu yangu. Polishi ya kusugua hula tabaka la juu la rangi, ambalo ni jembamba kuliko unywele au karibu nao, na likiisha halirudi ila kwa kupaka upya. Ukucha usipokwama kwenye mikwaruzo, jaribu kwanza polishi laini mahali padogo.

Msomaji wa Likoni: Naafikiana na fundi. Kwetu pwani chumvi na jua ndivyo viharibifu vikubwa. Suuza vumbi kabla ya kugusa rangi kwa kitambaa, kisha upake nta, ambayo hukinga bila kupunguza chochote.

Mkaazi wa Nyali: Ahsanteni. Nitaanza na nta.