Tupeane uzoefu: springi ya kukazia mkanda iliyokutoa jasho

Mtu wa Nyasi
Wakuu salaam. Vidole vyangu vimevimba leo, ndiyo maana naandika polepole. Masika haya nyasi za hoteli hapa Arusha hazina subira, na mkanda wa mashine ya kukatia nyasi, ile ya kukalia, umekatika nikiwa katikati ya uwanja. Kuvisha mkanda mpya hakuna shida, unafuata mchoro uliobandikwa kwenye deki, lile bati linalofunika visu, unapitisha puli moja baada ya nyingine. Ngoma iko kwenye springi inayovuta mkono wa ile puli ya kukazia. Ndoano moja imeshika, ya pili imebakiza upana wa vidole viwili kufika kwenye tundu, na hivyo vidole viwili ni vya kufa mtu. Plaizi inateleza. Bisibisi inapinda. Nimelala chali chini ya mashine, majani mabichi yananidondokea mdomoni, na mgeni mmoja kaja kuniuliza kifungua kinywa kinaisha saa ngapi.
Nimeiweka kwa kamba hatimaye. Nyie wenzangu, mlipambana vipi? Hata ya pikipiki leteni, springi ni springi.

Boda Mstaafu
Umenikumbusha stendi kubwa ya pikipiki. Ile springi ilishawahi kunitoka mikononi mbele ya abiria, ikaruka mpaka kwa muuza mahindi ng'ambo ya barabara. Mahindi mawili yakaingia mtaroni na nikayalipa. Abiria akapanda ya mwenzangu.

Kona ya Tabata
😂😂 Mahindi ya kuchoma au ya kuchemsha?

Boda Mstaafu
Ya kuchoma. Ya kuchemsha nisingelipa.

Shemu wa Minnesota
Mtoa mada, huku kila mtu anajikatia nyasi mwenyewe, kwa hiyo hilo nalijua. Dawa yake ni sarafu. Bana springi kwenye jiliwa upande mmoja, ipinde kushoto, nafasi zinafunguka kati ya mizunguko, chomeka sarafu. Ipinde kulia, chomeka nyingine. Endelea hivyo hadi irefuke yenyewe. Sasa unaitundika kwa mikono miwili bila kutumia nguvu. Ukimaliza, vuta mkono wa puli kidogo, sarafu zinadondoka zenyewe.

Boda Mstaafu
Hiyo kwenye stendi ya pikipiki ni rahisi zaidi, huhitaji hata jiliwa. Simamisha pikipiki kwenye stendi, springi inakuwa imeshavutika, jaza sarafu, kisha pandisha stendi. Springi inabaki ndefu na imelegea, unaichomoa kama hereni.

Kona ya Tabata
Sarafu za mia tano mnazo za kuchezea? Washa za boliti zinafanya kazi ileile, na zikipotea huumii.

Fundi Kimya
Kamba ya kuwashia jenereta. Ipitishe kwenye ndoano, zungushia ncha kwenye kipande cha mti, kanyaga fremu, vuta. Waya usitumie, unakata ndoano na unakata mkono.

Jua Kali Nakuru
Waya ni sawa tu bana, mradi uukunje mara mbili. Mimi nimetumia waya miaka na miaka na vidole viko vyote.

Fundi Kimya
Sawa.

Mzee wa Tindo
Vijana mnacheza. Ngojeni niwaambie springi ni nini.
Gereji yetu ilikuwa ya malori. Lilikuja semi lenye chemba ya breki ya nyuma inayovuja upepo. Wanaojua wanajua: chemba ile ni mitungi miwili iliyobebana, na ule wa nyuma una springi kubwa ndani iliyogandamizwa. Upepo ukiwepo, unaizuia springi na gari linatembea. Upepo ukiisha, springi inajiachia na breki inashika. Ndiyo maana lori lililoishiwa upepo halisukumiki hata mkiwa kijiji kizima.
Sasa ubavuni mwa chemba huwa kuna boliti ndefu imehifadhiwa. Unaichomeka kwenye tundu la nyuma, unaizungusha inase, unakaza nati hadi springi inarudi na kufungwa. Hapo ndipo unaruhusiwa kugusa kitu kingine. Kijana wetu mmoja, mjuaji, akasema boliti ina kutu itamchelewesha. Akaanza kulegeza bangili inayoshikilia kifuniko cha nyuma. Mimi nilikuwa upande wa pili nakunywa chai. Sikusikia kelele ya mtu, nilisikia mlio mmoja tu wa chuma. Kifuniko kilimpita sikioni, kikagonga fremu ya trela, kikatoboa bati la paa na kutokomea. Kijana amekaa chini, anajipapasa sikio, anatuuliza kama lipo.
Lilikuwepo. Lakini kesho yake hakurudi, na mpaka leo nasikia anauza vitambaa.

Bi Spea
Ya Rabi! Na kifuniko kilipatikana?

Mzee wa Tindo
Kwenye kibanda cha mama ntilie wa nyuma. Muda ule alikuwa kisimani.

Kona ya Tabata
Mzee hebu leta nyingine 🙏 achana na hawa wa nyasi

Shemu wa Minnesota
Samahani, lakini ile ya chemba ni springi ya kusukuma. Mada ni springi ya kuvuta. Tusichanganye watu.

Mzee wa Tindo
Ikikupiga usoni utaiuliza ilikuwa inavuta au inasukuma?

Shemu wa Minnesota
Mzee sijakukosea adabu. Nasema njia ya kuifunga ni tofauti.

Jua Kali Nakuru
Hapo Shemu ako sawa. Lakini story ya Mzee ndiyo tamu.

Bi Spea
Turudi kwa mtoa mada. Kwanza, mwanangu, ulichomoa waya wa plagi kabla ya kulala chini ya visu? Pili, nani alikwambia uitoe springi? Mashine nyingi unavuta tu mkono wa puli kwa bomba refu, mkanda unapita puli ya mwisho, springi haijaguswa. Na kama visu vinawashwa kwa wenzo wa mkono, ukiuachia tu mkanda unalegea.
Jingine: wanakuja dukani kutaka mkanda wa feni ya gari wenye urefu uleule, eti bei nafuu. Ule haukutengenezwa kukunjwa kinyumenyume na puli ya mgongoni, wala kuteleza kila visu vinapowashwa. Utanuka moshi mapema tu.

Kona ya Tabata
Muuza duka lazima useme hivyo 😏

Bi Spea
Nunua wa feni basi, nitakuona Jumatatu.

Fundi Kimya
Miwani. Glavu hapana, zinaondoa mshiko.

Boda Mstaafu
Glavu ndiyo! We hujawahi kukatwa na ndoano?

Mwanafunzi wa Zamani
Sisi shuleni tulikata kwa fyekeo. Halina mkanda, halina springi.

Mtu wa Nyasi
Nimerudi wakuu. Bi Spea, plagi nilichomoa, shikamoo. Mkono wa puli kwenye hii umejificha juu ya deki, bomba haliingii. Ila sasa nikiwasha visu mkanda unapiga kelele, halafu unatulia. Na mkono una matundu mawili. Mimi nimeweka lile la karibu.

Bi Spea
Marahaba. La karibu kwa sababu ndilo lake, au kwa sababu ndilo lililofikika?

Mtu wa Nyasi
Lililofikika.

Shemu wa Minnesota
Angalia la mbali kama lina alama ya kung'aa, pale ndoano ya zamani iliposugua. Na hakikisha mkanda umepita ndani ya vile vijiti vya kuuzuia usitoke, si nje. Weka picha.

Mtu wa Nyasi
Picha kesho. Meneja kaondoka na ufunguo wa stoo, mashine iko ndani.

Kona ya Tabata
Basi Mzee wa Tindo, kijana alianza na vitambaa vya aina gani?