Dodoso halina majina, na mmoja amejibu kuwa anawaza kufa karibu kila siku. Naomba ushauri

Mwalimu_Nyegezi
Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri wa haraka, hasa kwa waliowahi kufanya utafiti wa afya ya akili na kwa watu wa wodini.

Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Mwanza, upande wa malezi na ushauri nasaha, na nasoma shahada ya uzamili. Utafiti wangu unahusu ustawi wa kisaikolojia na ubora wa maisha wa wanafunzi wa uuguzi walioanza mafunzo kwa vitendo hospitalini. Wengi niliowafundisha wakimaliza kidato cha nne huenda huko, na wakirudi kunisalimia nawaona wamebadilika. Binti mdogo anakesha zamu ya usiku, mgonjwa anamfia mbele ya macho, asubuhi anatakiwa darasani na hakuna aliyemuuliza umelalaje.

Natumia vipimo viwili. Cha kwanza ni WHOQOL-BREF cha Shirika la Afya Duniani, maswali 26 yanayogusa mwili, nafsi, mahusiano na mazingira. Cha pili ni PHQ-9, maswali tisa ya dalili za sonona kwa wiki mbili zilizopita. Fomu hazina jina wala namba ya usajili. Ndivyo tulivyokubaliana na msimamizi, ili vijana wajibu kwa uhuru.

Jana nilifanya majaribio ya dodoso kwenye darasa moja la chuo ambacho hakimo kwenye sampuli. Usiku naingiza majibu, nikakutana na fomu moja. Swali la 9, lile la kuwaza kwamba ni afadhali ufe au ujidhuru, amezungushia 3, yaani karibu kila siku. Jumla yake yote ni 9. Wengi hutumia 10 kama mpaka wa kumtuma mtu kwa uchunguzi zaidi, kwa hiyo ningetazama jumla tu, huyu angepita kama mzima.

Simjui ni nani. Msimamizi nimempigia, anasema tutaongea Jumatatu. Leo ni Alhamisi. Kuna sehemu ya maoni ameandika mistari miwili, na nawaza kuomba madaftari ya darasa nilinganishe mwandiko. Lakini niliwaahidi hakuna atakayejulikana. Nifanye nini?

Mtu_wa_Igogo
Pole sana mwalimu. Mwandiko achana nao. Ukiomba madaftari, kufikia saa nne chuo kizima kitajua unamtafuta nani na kwa nini.

NesiMkongwe
Mwalimu, umefanya vizuri kusoma fomu usiku uleule. Wapo wanaozifungia kabatini mpaka data zote zitimie, na mtu kama huyo anasomwa baada ya miezi.

Usisubiri Jumatatu. Kesho asubuhi mpigie mkuu wa chuo au mlezi wa wanafunzi, omba nusu saa na darasa lote. Usiseme "kuna mmoja wenu". Waambie wote kwamba majibu yanaonyesha wapo wanaopita kipindi kigumu sana, kwamba mawazo ya kutaka kufa humpata hata mtu mwenye akili timamu na imani imara, na kwamba yanatibika. Kisha wape msaada wenye anwani: nani, chumba kipi, saa ngapi. "Mkiwa na shida njooni" haimsaidii mtu. Hospitali ya Bugando wana idara ya magonjwa ya akili, na kituo cha afya cha karibu kinaweza kumpa mtu rufaa. Mshauri akae chuoni siku hiyohiyo, mahali ambapo mtu anaingia bila kupita mbele ya ofisi ya mkuu.

Jambo la pili: waambie wenzake cha kufanya. Akiwaambia anataka kufa, wasimwache peke yake, waondoe dawa na vitu vya hatari chumbani, wampeleke dharura saa hiyohiyo. Usisahau hawa ni wanafunzi wa uuguzi, kabati la dawa wanalifikia kila zamu.

Na usiogope kutaja kifo waziwazi. Tafiti zimeonyesha kwamba kumuuliza mtu kuhusu kujiua hakumpandikizii wazo hilo. Mara nyingi ni nafuu kwake kusikia kuna mtu amethubutu kuuliza.

Takwimu_na_Kahawa
Mimi niko upande mwingine kidogo. Kama huna uwezo wa kumfikia mtu, usimuulize swali la 9. Ipo PHQ-8, ni ileile bila swali hilo. Na kwa kuwa mada yako ni ustawi, ipo WHO-5: sentensi tano tu, zote za upande wa furaha na nguvu, kila moja 0 hadi 5, jumla unazidisha kwa 4 upate alama kati ya 0 na 100. Chini ya 50 ni dalili kwamba mtu aangaliwe zaidi. Inatosha kabisa kwa shahada.

Halafu kwenye WHOQOL-BREF kumbuka kugeuza alama za maswali ya 3, 4 na 26 (1 iwe 5, 5 iwe 1) kabla ya kujumlisha, mengi huharibika hapo. Swali la 21, la tendo la ndoa, wengi wataliruka. Waruhusu waliache wazi, usisimame pembeni unawakumbusha.

NesiMkongwe
Ndugu Takwimu, nakuelewa, ila ukilifuta swali, kijana huyu bado yupo na bado anawaza hivyo. Tungekuwa hatujui tu. Swali libaki, msaada uandaliwe kabla ya fomu ya kwanza kugawiwa.

Takwimu_na_Kahawa
Hapo sibishi. Sharti langu ni hilo la mwisho: kabla, siyo baada.

MwakaWaPili_Mza
Shikamoo mwalimu. Mimi nasoma uuguzi, siyo chuo ulichokwenda nadhani. Naomba niseme kwa nini huyo hatajitokeza kirahisi.

Tunaogopa vitu viwili. Kwanza, ukisema una mawazo hayo wanaweza kuamua hufai kushika wagonjwa, unarudishwa nyumbani, na nyumbani wameuza ng'ombe kulipa ada. Pili, tumefundishwa kwamba kujaribu kujiua ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu, kwa hiyo mtu anaona hata kuongea ni kujipeleka polisi.

Kama utaongea na darasa, mkuu wa chuo mwenyewe atamke mbele yetu kwamba atakayeomba msaada hafukuzwi. Tukisikia kwako tu, hatutaamini.

Wakili_wa_Kirumba
Nimuunge mkono mwanafunzi. Kosa lililo kwenye kifungu cha 217 ni kujaribu kujiua. Kuwa na mawazo na kuyasema kwa nesi au mshauri si kosa. Semeni hivyo wazi darasani.

Mwalimu, nawe kumbuka Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Taarifa za afya ni taarifa nyeti. Fomu hiyo usiipige picha ukamtumia mtu WhatsApp, hata msimamizi.

Mwalimu_Nyegezi
Marahaba mwanangu, na asante sana. Ulichosema kuhusu mkuu wa chuo sikukifikiria kabisa.

Nimeongea na mlezi wa wanafunzi jioni hii. Amenipa kesho saa mbili, kabla hawajaenda wodini, na mkuu amekubali kuwepo na kutamka mwenyewe. Nesi wa afya ya akili ninayemfahamu atakaa chuoni hadi jioni, chumba cha nyuma ya maktaba. Walio zamu ya usiku tutawafuata hosteli wakiamka.

Swali langu la mwisho: kwenye utafiti wenyewe nitumie namba za siri badala ya majina? Nikitumia, si watajibu kwa woga?

NesiMkongwe
Tumia. Kila fomu namba, na orodha ya namba na majina ibaki kwa mtu mmoja ambaye si mwalimu wao, imefungiwa. Kwenye fomu ya ridhaa andika kwa Kiswahili chepesi: majibu yako ni siri, isipokuwa yakionyesha maisha yako yako hatarini, hapo mshauri atakutafuta wewe, hatatafutwa mkuu wa chuo wala mzazi. Asiyetaka masharti hayo ana haki ya kutoshiriki. Wachache wataficha, ni kweli. Na fomu zisomwe swali la 9 papo hapo, kabla hujaondoka chuoni.

Takwimu_na_Kahawa
Na hayo yote ni mabadiliko ya itifaki, yaani mpango wa utafiti uliokubaliwa. Usianze kukusanya data kabla kamati ya maadili haijayapitisha. Andika barua ya marekebisho wikiendi hii, ambatisha ridhaa mpya na utaratibu wa rufaa, Jumatatu msimamizi asaini tu.

Mwalimu_Nyegezi
Naanza kuiandika usiku huu. NesiMkongwe, naomba nikutumie kipengele cha rufaa ukipitie kabla sijaipeleka.

NesiMkongwe
Tuma, niko zamu mpaka asubuhi. Nitakisoma wagonjwa wakilala.